Chini ya Nyaya za Kilovoti 132: Siku Nne Kutoka Ubungo Hadi Hale

Safari ilifanyika Novemba, vuli ikiwa imeshaanza kulowesha udongo. Tumeiandika baada ya kurudi Dar es Salaam, kutoka daftari moja lililolowa pembe na picha za simu. Mafundi wenzetu wa mjini, kila wanapopita barabara ya Segera, huuliza jambo moja: mbona nyumba zilizo jirani kabisa na kituo cha kupoza umeme zina taa hafifu, au hazina taa kabisa, wakati Sinza na Tabata, mbali kiasi kile, friji zinagandisha barafu? Jibu halimo ndani ya uzio wa kituo. Limo kwenye mita mia chache za mwisho, na huko hufiki kwa gari.

Jina la kituo tulichoingia hatulitaji, na picha za ndani ya uzio hatuziweki. Ndivyo tulivyoahidi getini.

Siku ya kwanza, Jumatatu: Ubungo, Mbezi, Chalinze

Waya huanzia Ubungo. Laini ya msongo wa kilovoti 132 hutoka pale, hupita Chalinze, kisha hushika kaskazini hadi Hale, mkoani Tanga. Abiria siku hizi huanzia Mbezi Luis, kituo cha Magufuli. Daladala kutoka Ubungo shilingi 600, basi hadi Chalinze 7,000. Kata tiketi dirishani ndani ya kituo. Anayekushika mkono nje ya geti atakupeleka kwenye basi ambalo litajaa saa mbili zijazo.

Kibaha kulikuwa na foleni. Kwenye mizani ya Vigwaza basi lilionekana limezidisha uzito ekseli ya nyuma kwa sababu ya magunia, tukakaa dakika 50 magunia yakihamishwa. Mama mmoja wa siti ya dirisha alifungua hotipoti ya mihogo ya kuchemsha akaigawa safu nzima. "Kuleni wanangu, mizani haina haraka na mtu."

Chalinze tuliingia saa kumi jioni. Mananasi ya Kiwangwa yamepangwa barabarani, na juu yake, upande wowote utakaogeukia, kuna minara. Hapa ndipo umeme wa Bwawa la Julius Nyerere unapofikia baada ya kutoka Mto Rufiji kwa laini ya kilovoti 400. Mitambo ya bwawa lile ni tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115, na wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Ni mahali pazuri pa kujifunza kusoma minara, kwani misongo kadhaa imesimama karibu karibu.

Namna ya kusoma ni kuhesabu vikombe. Kila waya unaning'inia kwenye mnyororo wa vikombe vya kioo au kauri. Laini ya kilovoti 33 huwa na viwili au vitatu. Ya 132 huwa na tisa au kumi hivi. Ya 220 huanzia 14. Ya 400 huzidi 20. Tena kwenye kilovoti 400 kila fezi, yaani kila mmoja wa mikondo mitatu ya laini, haibebwi na waya mmoja, hubebwa na nyaya mbili au zaidi zilizoshikizwa sambamba. Ukiona kijiti kimoja kirefu cha plastiki ngumu chenye mikunjo badala ya vikombe, kuhesabu hakusaidii. Tazama urefu wake. Waya mwembamba wa juu kabisa usio na kikombe chochote haubebi umeme wa kuuza. Kazi yake ni kupokea radi.

Gesti 20,000, feni na chandarua vipo. Ugali na nusu kilo ya mbuzi wa kuchoma, 10,000 kwa watu wawili.

Siku ya pili, Jumanne: Lugoba, Msata, Wami, kituoni

Basi dogo kuelekea Segera, 8,000 hadi tuliposhuka. Lugoba vumbi la mashine za kusaga mawe linaonekana kabla ya mji wenyewe. Kokoto nyingi za majengo ya Dar hutoka hapa, na baadaye siku hiyo kokoto zilitupa somo. Msata ni njia panda ya kwenda Bagamoyo. Wami tunavuka kwa daraja jipya, refu na pana.

Kutoka lami hadi kituo bodaboda ni 3,000. Mvua ikiwa imenyesha, watadai 5,000, na wana haki: udongo mweusi wa pale hushika tairi kama gundi.

Barua ya kuomba ruhusa ipelekwe mapema, walau wiki mbili, yenye majina yote na namba za vitambulisho. Usifike mikono mitupu ukitegemea mdomo. Vaa viatu vya usalama, suruali ya pamba, kofia ngumu. Acha mwavuli na fimbo ya kupigia picha getini. Kwenye msongo wa 132, kati ya fezi na ardhi kuna kilovoti 76, na umeme huo hauhitaji uuguse. Unahitaji tu uusogelee na kitu kirefu.

Uwanja umetandikwa kokoto, na wengi hudhani ni za kuzuia majani au tope. Hiyo ni faida ya ziada. Hitilafu ikitokea, umeme mwingi hushuka kwenye nyavu ya shaba iliyofukiwa chini na kusambaa ardhini, na kwa muda mfupi pale unapokanyaga mguu wa kushoto na pale unapokanyaga wa kulia panakuwa na tofauti ya voti. Kokoto kavu na safi hupitisha umeme kwa shida, hivyo mwili wako haupati sehemu kubwa ya hiyo tofauti. Zikijaa udongo na majani zinapoteza kazi hiyo, ndiyo maana vijana wawili walikuwa wameinama wakizichekecha.

Transfoma kubwa ndiyo kitovu. Mzee wa zamu, mpole, mwenye miaka mingi kwenye kazi hii, alituonyesha anavyoikagua kila saa. Joto la mafuta na joto la mizunguko ya waya husomwa kwenye vipimio viwili tofauti. Kiwango cha mafuta husomwa kwenye tangi dogo la juu. Kwenye chupa ya kupumulia, chembe za silika za rangi ya chungwa zikigeuka kijani zimekwisha kunywa unyevu, zibadilishwe (za aina ya bluu hugeuka pinki). Kwenye bomba linalounganisha tangi kubwa na dogo kuna kifaa cha Buchholz: gesi ikijikusanya humo, maana yake ndani kuna kitu kinaungua polepole. Ikijaa kidogo hupiga kengele. Mafuta yakisukumwa kwa nguvu, transfoma hukatwa papo hapo.

Chumba ambacho wageni hukipita bila kukitazama ni cha betri. Seli 55 za voti mbili mbili hufanya voti 110 za umeme mnyoofu (DC), na hizo ndizo zinazofungua breka, yaani swichi kubwa za kukata laini, wakati wa hitilafu. Breka haiwezi kutegemea umeme uleule unaotakiwa kukatwa. Betri zikifa, kituo kizima kinabaki bila ulinzi hata kama taa zote zinawaka. "Transfoma ikiugua utasikia," mzee alisema. "Betri ikiugua husikii kitu mpaka siku ya msiba."

Tulimuuliza lile swali: kwa nini kitongoji kilicho chini ya laini ya 132 hakichotewi umeme hapohapo? Alichora kwenye vumbi. Mzigo wa megavoti-ampea 10 ukisafiri kwa kilovoti 132 ni ampea 44 tu kwenye kila waya. Kwa kilovoti 33 ni 175. Kwa 11 zinapita 500. Upotevu wa njiani hukua kwa mraba wa ampea, ndiyo maana safari ndefu hufanywa kwa msongo wa juu. Lakini kuteremka kutoka 132 kwa ajili ya nyumba 40 kunataka transfoma ya kipekee, breka, vipimio, betri na ulinzi, yaani kituo kingine kizima. Basi umeme unapita juu ya mapaa, unashuka kituoni kuwa kilovoti 33, halafu unarudi nyuma kwa nguzo za miti kuwatafuta watu wale wale uliowapita.

Usiku tulilala nyumba ya wageni ya vyumba vinne, 12,000, maji ya ndoo. Umeme ulikatika saa mbili na kurudi saa tatu kasoro.

Siku ya tatu, Jumatano: kufuata fida

Hii ndiyo siku iliyostahili safari. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, chai na chapati mbili 1,500, maji lita tatu kila mtu. Fida, yaani laini ya kilovoti 33 inayopeleka umeme vitongojini, inatoka nyuma ya kituo, inakata mashamba ya mahindi, inapanda kilima cha miti ya miombo. Mkuza, yaani njia iliyofyekwa chini ya laini, haukuwa mchafu sana, ila mahali pawili matawi ya mwembe yalikuwa hayana hata mita moja kutoka kwenye waya. Upepo wa mvua ukija, tawi litagusa.

Tawi likigusa, kifaa cha kujirudishia umeme hukata, husubiri sekunde chache na kujaribu tena. Ndiyo maana kijijini taa huzima na kuwaka mara mbili au tatu kabla ya kuzima moja kwa moja. Jambo hili kila msafiri alishike: waya ulioanguka ukaonekana umekufa unaweza kuamka tena hapo ulipo. Kaa mbali. Ukijikuta karibu, ondoka kwa kuburura nyayo bila kupanua hatua.

Nguzo za miti huliwa pale zinapoingia ardhini. Zigonge kwa nyundo urefu wa goti: sauti kavu ya mlio ni nzima, sauti ya debe lenye nguo ni mbovu. Kati ya nguzo 61 tulizopita, nne zilitoa sauti mbaya, na tatu kati ya hizo zilikuwa na alama za moto wa kuandalia shamba. Mzee mmoja wa Kizigua aliyekuwa akipalilia alitusindikiza kilomita tatu nzima, akituonyesha nguzo anazozijua kwa mwaka zilipochimbiwa. Alikataa fedha. Akakubali nyundo ishikwe na mjukuu wake, ajifunze.

Kitongoji cha kwanza kina transfoma ya kVA (kilovoti-ampea) 50 juu ya nguzo mbili. Upande wa kilovoti 33, mzigo kamili wake haufiki hata ampea moja. Upande wa chini, kwenye voti 400, ni ampea 72. Dropauti, yaani yale mashina matatu ya fyuzi yanayoning'inia juu ya transfoma, huwekwa kamba ya fyuzi ya ampea mbili au tatu. Shina likiwa limeanguka na kuning'inia kichwa chini, fyuzi imekatika, na hilo unaliona ukiwa barabarani. Ukipiga simu ya dharura, taja shina gani na namba iliyoandikwa kwenye nguzo. Utaokoa safari moja ya gari.

Kwenye kitongoji cha pili tuliona jambo la kusikitisha: shina moja limefungwa waya wa kawaida badala ya kamba ya fyuzi. Nani alifunga, hakuna aliyejua. Waya ule utabeba ampea nyingi kuliko transfoma inavyostahimili, na siku laini ya chini ikipata shoti kitakachokatika si waya, ni transfoma. Kamba ya fyuzi ni kitu cha bei ndogo. Transfoma ikiungua, kitongoji husubiri.

Kisha tukafika lilipo jibu la swali letu. Nyumba ya mwisho ya kitongoji cha kwanza iko mita 700 kutoka kwenye transfoma. Bibi mwenye nyumba alitukaribisha barazani, shikamoo zikaitikiwa, maembe yakaletwa kwenye sinia kabla hatujaeleza tumefuata nini. Saa moja jioni, kwa ruhusa yake, tulipima kwenye soketi: voti 199. Karibu na transfoma, dukani, ilikuwa 231. Redio yake ilinguruma, na balbu zake, alisema, "zinawaka kwa huruma."

Hesabu inaeleza yote. Kebo ya alumini ya milimita za mraba 50 ina ukinzani wa omu 0.64 kwa kilomita. Nyumba za upande ule, karibu zote, zilikuwa zimeunganishwa kwenye fezi moja, kama ampea 35 wakati wa jioni. Umeme huo huenda kwa fezi na kurudi kwa nyutro, waya wa kurudishia, jumla kilomita 1.4, karibu omu 0.9. Ukizidisha kwa 35, voti 31 zinapotea njiani. Ndizo zile zile zilizokosekana kwa bibi. Sasa gawanya nyumba hizo kwenye fezi zote tatu, ampea 12 kila moja: mikondo inafutana kwenye nyutro, umeme hausafiri kurudi, na upotevu unashuka hadi voti tano na ushee. Hainunuliwi nguzo wala kebo. Inatakiwa ngazi, kibali, na asubuhi moja ya mafundi wa shirika la umeme, TANESCO, kwa sababu ni wao tu wanaoruhusiwa kugusa laini. Kazi ya wakazi ni kupeleka taarifa yenye vipimo: saa, nyumba, voti. Taarifa ya "umeme mdogo" peke yake huandikwa na kusahauliwa.

Pale kati kuna mashine ya kusaga yenye mota ya kilowati 15. Ikikimbia inakula ampea 28 hivi. Ikiwashwa moja kwa moja, kwa sekunde chache inavuta mara sita ya hizo, takriban 170, kwenye transfoma ya ampea 72. Kitongoji kizima kinapepesa. Mama mwenye mashine hakuwa akijua. Alidhani ni umeme wa shirika. Suluhisho ni kiwashio cha nyota-delta, kinachopunguza mvuto huo hadi theluthi moja, ila mota lazima iwe na ncha zake sita zilizotolewa nje. Ya kwake inazo. Tulimwandikia aina ya kifaa kwenye gamba la boksi, akatufungia sembe kilo mbili. Kukataa isingewezekana.

Dokezo moja zaidi, kwa yeyote atakayelala nyumba za njia hii. Ukiona balbu za upande mmoja zinawaka kupita kiasi na za upande mwingine zimefifia, zima swichi kuu mara moja. Nyutro imekatika, au waya wa asi, ule unaoingia ardhini, umeibwa kwenye nguzo ya transfoma, na nyumba zinagawana voti 400 kwa kadiri ya mizigo yao. Mwenye vitu vichache ndiye anayepata voti nyingi. Televisheni za watu huungua hivyo.

Wanaotaka kuunganishwa: gharama ya kijijini ni shilingi 27,000, nyumba ikiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Fundi wa kufunga nyaya ndani awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, aonyeshe. Kwa chumba kimoja au viwili kipo kile kiboksi cha UMETA, chenye soketi na swichi zake, kinachoepusha gharama ya kuvuta nyaya nyumba nzima.

Kitongoji kilicho chini kabisa ya minara bado kinachaji simu kwa sola dukani, 300 kwa simu. Nguzo zimeshalazwa kando ya njia zikisubiri kusimamishwa.

Siku ya nne, Alhamisi: Segera, Hale, kurudi

Kutoka barabarani hadi Segera ni safari ya kawaida, usingizi ulishinda. Segera badilisha gari, 2,000 hadi Hale.

Hale ni mji mdogo katikati ya mkonge. Mtambo wake wa maji ni wa 1964, mashine mbili, megawati 21 kwa jumla. Leo ni tone kwenye gridi, lakini maji yake ni ya kuheshimiwa: Mto Pangani huzungusha kwanza mitambo ya Nyumba ya Mungu, megawati 8, kisha Hale, kisha Maporomoko Mapya ya Pangani, megawati 68, yaliyoanza 1995, ndipo uende baharini. Maji yale yale, mara tatu. Kutoka hapa laini za 132 zinatoka kuelekea Tanga, na kuelekea Same na Moshi. Tuliangalia kwa nje tu, bila kuomba kuingia. Mchana ulikuwa umeshakwenda.

Wali, maharage na samaki wa kukaanga, 4,000. Mama ntilie alituwekea mifuko yetu chini ya meza yake saa nzima bila kudai kitu. Basi la kutoka Tanga lilipita saa tisa, 15,000 hadi Mbezi, na mvua ilitushika Wami hadi Mlandizi. Mbezi saa nne usiku.

Taarifa ya vipimo iliandikwa kurasa mbili, jedwali la saa na voti, na mwenyekiti wa kitongoji akaipeleka ofisini mwenyewe kwa baiskeli. Wiki tatu baadaye akapiga simu: mafundi walikuja na ngazi, wakahamisha nyumba tisa kwenye fezi nyingine, na usiku ule kwa bibi ilisomeka voti 222. Mashine ya kusaga bado haijabadilishwa kiwashio. Na ile dropauti ya kitongoji cha pili, alisema tulipomuuliza, mpaka siku hiyo bado ina waya.